Chama Kilipopigia Kura Mbio za Mbwa

Watu wa kwetu Unguja ukiwaambia kazi yako ni kutunza mbwa, jambo la kwanza wanakutazama mikono. Nimeizoea hiyo. Kazi yangu hapa Dubai, tangu nilipoacha ya upishi, ni kuwatunza mbwa wa mbio wa arbab mmoja, ndivyo tunavyomwita bwana mwajiri hapa, mwenye shamba nje ya mji, upande wa jangwani ukishaipita Jebel Ali. Mbwa wenyewe wanaitwa saluki. Miguu mirefu, kiuno cha nyigu, masikio yana manyoya yanayoning'inia kama shela. Wenyeji wa hapa hata hawamwiti mbwa. Ukimwita saluki mbwa mbele ya arbab wangu anakusahihisha kama umemtukania mwanawe, na mwanawe mwenyewe nimemwona akifukuzwa kwenye zulia ili saluki apate kulala.

Dini yetu ni moja, mimi na arbab, lakini madhehebu mbalimbali. Yeye Maliki, ute wa saluki haumsumbui. Mimi Shafi, kwetu mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo mlangoni kwa chumba changu ipo ndoo ya udongo. Jioni kazi ikiisha naosha mikono mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo naingia ndani na kutia chai. Arbab alipoiona ndoo ile mara ya kwanza alidhani napanda bamia.

Basi. Nilitaka kueleza habari ya kura, nimeanzia kwenye ndoo. Shule nilifika darasa la tatu tu, mnisamehe, hakuna mwalimu aliyepata nafasi ya kunifundisha kuanza mahali pa kuanzia.

Tuna chama chetu hapa cha kufa na kuzikana. Wamo Watanzania wa bara na wa visiwani, wamo Wakenya, wamo Waganda wachache, Waislamu kwa Wakristo. Akifa Mwislamu tunamwosha na kumzika hapa hapa. Akifa Mkristo tunahangaika mpaka mwili ufike kwao. Wengi ni watu wa maghala ya Jebel Ali, walinzi wa maghorofa, kina mama wa kazi za ndani, madereva. Mimi sina mke, alishatangulia, na sina mtoto. Siku yangu ikifika, chama ndicho kitakachokuja na sanda. Na kabla ya siku hiyo, chama ndicho ninachokula nacho Idi. Hilo mlishike, maana ndilo lililokuwa mezani.

Sisi wageni katika nchi hii hatupigi kura ya kitu chochote. Sisemi kwa kulalamika, ndivyo ilivyo. Labda ndiyo sababu chamani tunapiga kura ya kila kitu. Tumepiga kura pilau ya Idi iwe ya mbuzi au ya kuku. Tumepiga kura viti vipangwe duara au mistari, na viti vyenyewe ni vya mgahawa ambao ghorofani kwake ndiko tunakokutana. Tunaandika ndiyo au hapana kwenye vikaratasi, tunakunja, tunatia ndani ya sufuria la pilau lililooshwa, na mwenyekiti, mzee wa Kiunguja aliyezaliwa hapa hapa Dubai na hajawahi kulala Unguja hata wiki mbili, anakoroga kwa mwiko. Kwa mwiko kweli. Anasema ndivyo siri inavyohifadhika.

Siku hiyo aliyesimama kuleta hoja ni dada mmoja muuguzi, Mkristo wa Bukoba, anafanya kazi kliniki moja mtaa wa Oud Metha. Mtu mpole. Kwenye misiba yetu yeye ndiye huwa anawafuata watu wa hospitali mpaka maiti itoke, na kwa hilo hakuna asiyemheshimu. Akaeleza kwamba anaye saluki nyumbani kwake, ghorofani Jumeirah Lake Towers. Alimwokota kando ya barabara ya jangwani, mguu wa mbele umevunjika na kujiunga vibaya, mbavu nje, shingoni alama ya kamba. Akapitisha simu watu waone picha. Ilipofika kwangu nilitazama mguu. Nikasema mbele ya wote kwamba mvunjiko ule ni wa uwanjani, wa kona, sikatai. Kuna wenye mbwa wanaotupa. Wapo.

Akanishukuru, kisha akaisoma hoja yake: mwanachama yeyote asishiriki mbio za mbwa wala asifanye kazi inayohusu mbio hizo, na atakayeendelea atoke chamani. Mwezi unaofuata tuipigie kura.

Watu wakaanza kutazama upande wangu. Wanachama wote wale, na anayehusika na mbio za mbwa ni mmoja tu, na yuko kiti cha pembeni anakunywa chai ya maziwa. Kijana wa Kenya, mlinzi, akaona apoze mambo. Akasema, "Mzee, hapo ni wewe umetajwa bila kutajwa." Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, nikaiweka chai chini.

Muuguzi alinifuata chini ngazini. Shikamoo babu, marahaba binti yangu. Akaniambia hakunikusudia mimi mtu, alikusudia kazi. Nikamwambia kazi haina mwili, ukiipiga fimbo inamwingia mwenye nayo. Halafu nikaona nimekuwa mkali, nikamwambia aje shambani aone mwenyewe kabla ya kura. Aje na yeyote anayetaka. Akakubali palepale.

Hapa sina budi kueleza kidogo. Saluki kabla ya mbio halishwi kama siku nyingine. Siku ya kawaida anakula nyama, wali, mkate, tende na maziwa ya ngamia, anakula vizuri kuliko mimi nilivyokuwa nakula nikiwa mpishi. Lakini asubuhi ya mbio ni tende chache na maziwa ya kulambisha tu. Na mbavu zake zinaonekana siku zote, ameshiba hajashiba, ndivyo alivyoumbwa, kama vile watu wengine walivyo na masikio makubwa. Jambo la pili, tunampaka hina nyayoni. Nyayo zinakaza, mchanga wa moto haumchubui. Wenyeji wana desturi hiyo toka zamani, mimi nimeikuta.

Wakaja asubuhi moja ya baridi, siku ya mbio, moja kwa moja uwanjani jirani na shamba, muuguzi na watu wa chama wamejaa gari zima la abiria. Nilitegemea watu watatu. Na katika hao yumo mama mmoja wa Tanga, mpishi kwa madam mmoja wa Kizungu, mwanamke ambaye hajapata kwenda kwa mtu mikono mitupu tangu azaliwe. Alishuka na hotipoti tatu. Katlesi, sambusa, mkate wa kumimina. Nikamwambia mama, huku ni uwanjani. Akanijibu kwamba uwanjani ndiko kusiko na jiko.

Arbab alikuwa amenikabidhi siku hiyo jike mmoja wa rangi ya mchanga, wa miaka mitatu, nimemlea mwenyewe toka macho hayajafumbuka. Mlinzi wa Kenya alipoziona nyayo zake nyekundu akaniuliza, "Mzee, huyu anaolewa leo ama anakimbia?" Kina mama wakamzunguka. Yule wa Tanga alipomwona mbavu alishika kiuno. Muuguzi alimpapasa mbavu moja moja, pole pole, kama anayetafuta mahali panapouma.

Arbab akaniita kwenye mstari kupima kola. Niliwaacha naye kidogo. Kidogo tu.

Niwaambieni mbio zenyewe zilivyo, maana wengi mnazisikia tu. Mbele kuna gari linalovuta ngozi ya paa iliyojazwa pamba. Mbwa wanashikwa mstarini, wanalia wote kwa pamoja, sauti ya juu, kama milango mingi mibovu inayofunguliwa mara moja. Gari linaondoka, mikono inaachia. Halafu kelele zinakoma. Hapo ndipo moyo wangu hupanda, siku zote, na nimeona mbio nyingi. Mbwa hana sauti tena, miguu yake minne inakusanyika chini ya tumbo na kufunguka, na kuna kipande cha nukta ambacho hagusi ardhi popote. Pembeni magari ya wenye mbwa yanakwenda sambamba, vichwa madirishani, honi, yalla, yalla. Lakini mbwa mwenyewe yuko kimya. Mimi sijui kusema uongo kwenye hili: ninapenda. Wanaosema tunafanya kwa ajili ya tumbo tu wanatuonea huruma tusiyoiomba.

Basi jike wangu akatoka na wenzake, vizuri. Akaenda kama theluthi ya njia. Kisha nikaona anapunguza. Nikadhani mguu. Moyo ukanishuka mpaka kwenye viatu. Akasimama kabisa katikati ya uwanja, magari yakimpita, akageuza kichwa. Akaanza kurudi, mwendo wa mtu aliyesahau kitu sokoni. Akanipita mimi. Akampita arbab. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa mama wa Tanga, akaketi, akaitazama hotipoti.

Mama wa Tanga hakuficha. "Nimempa katlesi," alisema. "Na mkate kidogo. Mgeni gani mie nile na yeye ananitazama?"

Watu walicheka, hata waliokuwa wamekasirika. Arbab wangu aliniuliza kama wale ni jamaa zangu. Nikamwambia ndiyo, ni jamaa zangu. Akasema khalas, yaani basi yaishe, akatikisa kichwa, akaomba katlesi moja. Alikula mbili.

Lakini muuguzi hakucheka. Alikuja akasimama karibu yangu, sote tunamtazama yule jike akilamba mdomo, akasema kwa sauti ya chini, "Babu, umeona? Akishiba, hakimbii."

Ningeweza kumweleza habari za tumbo zito, kwamba hata mimi ukinilisha katlesi sikimbii. Lakini hakuwa ananiuliza habari za tumbo. Alikuwa ananiuliza kama yule mnyama anapenda kukimbia au ana njaa tu, na mimi, baada ya miaka yote ile, nikaona sijui. Nilikuwa najua mimi ninapenda. Yeye jike sikuwahi kumuuliza.

Mwezi ukaisha, tukakutana juu ya mgahawa. Sufuria limeoshwa, linang'aa. Kabla ya kura mwenyekiti aliwapa watu nafasi, na mzee mmoja akasimama kuzungumzia najisi, kwamba mimi ni miongoni mwa waoshaji maiti wa chama, na mikono inayoshika mbwa iweje imwoshe Mwislamu. Nilimweleza habari ya ndoo. Akauliza udongo unatoka wapi. Nikamwambia shambani. Akauliza kama mbwa hawakojoi shambani. Mwenyekiti akasema hoja iliyoko mezani si ya udongo, tusonge mbele. Na muuguzi mwenyewe ndiye aliyesimama kunitetea. Alisema hakuileta hoja ili babu aaibishwe kwa mikono yake, alileta kwa ajili ya wanyama, na anayetaka habari ya najisi alete hoja yake mwenyewe. Mnaona mtu alivyo. Kashika upanga na bado ananizuilia mshale wa mwingine.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakapotea. Nikasimama nimeshika mgongo wa kiti.

"Mkisema ndiyo, mbio hazitasimama," nilisema. "Sisi hapa hatuna kura ya kusimamisha hata baiskeli. Wenye mbwa hawajui kama tuna sufuria. Mtakachosimamisha ni mimi. Na mimi nikiondoka kule kesho atakuja mwingine, labda mwema, labda wa kamba shingoni. Nikibaki kule, natoka kwenu. Haya, nichagulieni."

Nikakaa. Sikusema kwamba ninapenda mbio. Nililiacha hilo kwa sababu nilijua lingenipunguzia kura, na nikaona muuguzi amegundua kwamba nimeliacha.

Vikaratasi vikakunjwa. Mwiko ukakoroga. Walipomaliza kuvifungua, lundo la hapana lilikuwa kubwa kiasi kwamba halikuhitaji kuhesabiwa, ingawa mwenyekiti alilihesabu kwa sababu anapenda kuhesabu. Hoja imeanguka. Watu wakanishika mkono, mama wa Tanga akanikumbatia kabisa, na yeye si maharimu wangu, Mungu atusamehe. Wakasema, mzee, tungekutoaje wewe? Umemwosha kaka yangu. Uliketi na sisi msibani. Kila mmoja akaja na lake, na katika wote wale hakuna hata mmoja aliyetaja mbwa.

Nilipogeuka kumtafuta muuguzi, kiti chake kilikuwa kitupu.

Mkutano uliofuata hakuja. Uliofuata huo hakuja tena. Kukatokea msiba, kijana wa bohari Jebel Ali, na safari hiyo maiti ikachelewa kutoka kwa sababu hakukuwa na wa kuwafuata watu wa hospitali kwa ule upole wake. Mwenyekiti alisema ameandika ujumbe na kujibiwa kwamba ana shughuli nyingi. Watu wakasema ataizoea, ni hasira za kushindwa. Mimi nilijua si kushindwa. Yeye aliuliza swali na ukumbi mzima ukajibu lingine. Walinipigia kura mimi. Mbio hakuna aliyezipigia, wala yule wa mguu uliovunjika.

Na kusema kweli ushindi ule sikuufurahia. Nimebaki chamani, ndiyo, sanda yangu ina watu. Lakini nimebaki kwenye kiti ambacho mwenzangu ametoka ili mimi nikae.

Nikaenda Oud Metha. Kliniki yenyewe safi, baridi, ina samaki kwenye kioo. Binti wa mapokezi, Mfilipino, akaniuliza kadi ya bima. Nikamwambia siumwi, nimekuja kumwona muuguzi. Akasema muuguzi anaona wagonjwa tu. Nikafikiri, nikampa kadi. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia aandike chochote. Akaandika uzee, nadhani, maana alitabasamu.

Muuguzi alipotoka kuita jina akaliona ni langu, alisimama kidogo mlangoni. "Shikamoo, babu." Sauti ya kazini. Akanikalisha, akaniambia nikunje mkono wa kanzu, akanivisha ule mkanda wa presha.

Nikaanza kabla hajanizuia. Nikamwambia swali lake nimelichukua nikarudi nalo shambani. Nikamwambia tangu siku ile, siku zisizo na mbio, namshibisha yule jike vizuri, namwacha apumzike mpaka chakula kishuke, halafu jioni nafungua lango. Hakuna gari, hakuna ngozi, hakuna arbab. Mimi nakaa tu kwenye ndoo niliyoifudikiza.

"Halafu?" aliuliza.

"Siku nyingine anakimbia peke yake mpaka simwoni. Siku nyingine ananusa kichaka anarudi kulala."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nusu yako, nusu yangu."

Alitazama mashine ingawa ilikuwa haijawashwa. Akasema kule kwenye kura sikusema nusu yoyote. Nikamwambia kweli, kule nilikuwa naitetea sanda yangu, na mtu anayetetea sanda hana nusu. Nikamwambia pia kwamba kama hoja ingerudi vilevile ningeipinga tena, asije akadhani nimekuja kulainika. Mbio nazipenda na mbwa wale nawapenda, na sitamwachia mtu nisiyemjua. Lakini arudi. Chama bila yeye kinapooza, na mimi sikupinga ili yeye atoke.

Akaunyoosha mkanda mkononi mwangu. Nje binti wa mapokezi alikuwa akiita mgonjwa mwingine.

"Nikirudi nitaileta tena, babu," alisema. "Sitaiacha."

"Ilete. Lakini ile yako ilimfukuza mtunzaji ikamwacha mtupaji. Andika kwamba mwanachama akiona saluki ametupwa, au ameumia na mwenyewe hamtibu, asinyamaze, na chama kisimame naye. Anza na mimi. Mimi ndiye niko kule, ndiye ninayeona."

"Na arbab wako akikufukuza kwa kusema?"

"Hapo mtanipigia kura tena."

Alicheka, mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya katlesi, cheko fupi la puani. Akasema ataiandika hivyo, na sehemu ya pili ataandika ile ile ya marufuku, kila moja ipigiwe kura yake, ili nijue kwamba hajanunuliwa. Nikamwambia ya kwanza nitasema ndiyo, ya pili nitasema hapana, na nitasimama kueleza, na safari hii nitasema mpaka lile la kupenda. Akaniambia na yeye atasimama kunijibu. Nikaanza kumweleza namna mwenyekiti atakavyopata tabu na masufuria mawili na mwiko mmoja.

"Nyamaza kwanza, babu," alisema, akiwasha mashine. "Ukizungumza inasoma vibaya."

Nikanyamaza. Mkanda ukaanza kunibana mkono.